Mashine Isiyojua Kungoja

4 Februari

Mpwa wangu,

Pokea salamu kabla hujaanza kununa. Huku tupo. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, ila jana lilikosea, tukanuniana kutwa nzima. Mamako mzima, anafua nguo za watu na kuwasema wenye nguo. Babako naye mzima, yuko uani na baiskeli zake, anapumzisha mikono. Wote wanakusalimu, kila mtu kwa wakati wake.

Mzigo umefika. Kompyuta yenye programu yako ya kupiga ngoma nimeiweka kwenye meza yangu ya viatu, kati ya kopo la gundi na soli za mwalimu mmoja ambaye hajawahi kuzifuata. Ulisema unataka maoni ya mtumiaji wa kweli, si ya wenzio wa ofisini wanaosifia kila kitu. Basi umempata. Mimi ndiye niliyepiga gitaa la nyuzi mbili arusi nzima, bibi harusi akaja kuniuliza gitaa la nyuzi kumi na mbili nimelinunua wapi. Kwa hiyo kaa chini.

Nimeiwasha asubuhi nikakuta kamstari kanapepesa kwenye kioo, kanataka niseme neno. Mimi nina adabu, nikaandika: habari za asubuhi. Ikanijibu: amri haijulikani. Nikadhani labda imenizidi umri, nikaandika shikamoo. Amri haijulikani. Sasa mpwa wangu, nani kaiamuru? Mtu anasalimiwa anajibu kama polisi. Hilo la kwanza, lirekebishe.

La pili ni hilo neno lako rudia. Nimepanga ngoma kama karatasi yako inavyoeleza, du na ka, du na ka, nikaandika piga, ikapiga. Tamu, sitasema uongo. Nikaandika rudia, ikarudia. Ikarudia tena. Mteja akaja, nataka kuzungumza naye, nikaandika acha. Amri haijulikani, na ngoma inaendelea. Nikaandika nyamaza. Nikaandika tosha. Nikaandika basi. Nikaandika tafadhali, mimi, mtu wa umri wangu, naibembeleza mashine bapa kama sahani. Nikaifunga kifuniko, ikapigia humo ndani. Nikailaza chini ya godoro. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akaja kuuliza nani anaoa. Mamako ndiye aliyesoma karatasi akakuta neno lenyewe ni simama. Simama anaambiwa dereva. Mtu aliyechoshwa na kelele anasema basi.

La tatu, hiyo kasi yako inataka namba. Mimi sina namba. Wimbo wetu wa kufungulia unakwenda mwendo wa mtu aliyekumbuka njiani kwamba kaacha jiko linawaka, lakini hataki watu wajue. Weka hivyo.

Fanya haraka. Mwenye Ukumbi tunapopiga muziki katupa mpaka mwisho wa Mei. Tusipokuwa na ngoma, Jumamosi zetu anawapa vijana wengine, na mamako anasema kuimba na gitaa tupu ni kama kushuka ngazi zisizo na vipandio. Kwa hiyo usidhani nachezea mashine yako kwa kukosa kazi.

Mjomba wako, mpiga gitaa.


19 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila chumba nilichopanga kiko juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo barua yako nimeisoma vidole viko masikioni. Kazini tunalala tumechoka, tunaamka tumechoka. Nisalimie Mama na Baba.

Nilikuomba uniandikie tatizo, ulilofanya kabla ya tatizo, na ulichotarajia. Umeniletea habari za goti. Hata hivyo nimesoma yote.

Haitajibu salamu. Siyo mtu, Mjomba. Ni kipangaji cha muziki, unakiandikia amri kinapiga, basi. Nikianza na habari za asubuhi kesho utataka kiulize habari za nyumbani.

Neno basi nimeliongeza, liko kwenye flashi niliyoweka humu. Wenzangu wamelipenda, wamesema ni wazo zuri, na mimi nikajifanya ni langu. Rudia nayo sasa inataka uiambie mara ngapi. Ukisahau, itarudia mara moja tu na kukaa kimya, kwa usalama wa fundi cherehani.

Kasi ni namba. Hakuna jiko hapo. Jaribu tisini, ikienda mbio shusha, ikichelewa pandisha. Nina watumiaji wengi na wote wamekubali namba isipokuwa wewe.

Sasa na mimi nina swali. Baba ana ngoma mbili ndani ya nyumba na mikono miwili mwilini. Mnatafuta mashine ya nini? Anapumzisha mikono toka lini? Fundi wa baiskeli hapumzishi mikono kwa kutengeneza baiskeli. Na kwa nini yeye hajaandika hata neno? Zamani mwishoni mwa kila barua alikuwa akiandika "na mimi pia". Ni maneno matatu tu, lakini nilikuwa nayaona.

Mpwa wako.


6 Machi

Mpwa wangu mwenye maswali,

Salamu tele. Mvua imenyesha, goti limerudishiwa heshima yake. Mwalimu kaja kuchukua soli, kaziangalia, kaziacha tena. Mamako anasema ule vizuri, na kwamba vidole masikioni siyo dawa, hama hapo.

Neno basi linafanya kazi. Nimeliandika mara nyingi kuliko piga, na usichukulie vibaya. Tisini ilikuwa mbio, sabini na nane ndiyo jiko lenyewe. Waandikie wenzio: sabini na nane, mtu na jiko lake.

Sasa sikiliza, leo nina neno zito. Tumefanya mazoezi. Mamako kasimama hapa karibu na meza, kajifunga kitambaa kichwani kama vile yuko jukwaani, mimi na gitaa, mashine na ngoma. Mstari wa kwanza safi. Wa pili safi, mpaka nikajiona kijana, nikatafuta kwa macho wasichana wa enzi zangu. Mstari wa tatu mamako kavuta pumzi, kama anavyovuta siku zote, na ile mashine yako ikampita. Ikaenda zake. Yeye akabaki mdomo wazi kama mtu aliyeachwa na gari kituoni.

Tukarudia. Ikampita. Nikaipunguza, ikampita polepole. Nikaweka kimya cha kipimo kimoja pale kwenye mstari wa tatu, kama karatasi inavyosema. Leo kimya kinazidi, kesho kinapungua, maana mamako siyo saa ya ukutani, siku nyingine pumzi fupi, siku nyingine ndefu, siku nyingine anaangalia watu kwanza. Mwisho kavua kitambaa, kasema yeye hagombani na bati, kaenda kuanua nguo.

Kwa hiyo nataka neno jipya. Liite ngoja. Nikiandika ngoja pale kwenye mstari wa tatu, mashine isimame imtazame, akiwa tayari waende pamoja. Kitu kidogo tu. Mimi nimewahi kumfundisha kasuku wa mwenye baa kungoja kiitikio, na yule alikuwa mlevi. Mashine yako iliyosoma itashindwa?

Kuhusu babako, yuko salama, kanenepa kidogo.

Mjomba.


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Niko mzima. Sijahama.

Ngoja haiwezekani, na nitakueleza mara moja tu. Kipangaji kinafanya kazi kwa sababu hakingoji mtu. Wote wanakifuata chenyewe. Kikianza kusimama ovyo, ngoma inaachana na besi, besi inaachana na kinanda, na mimi naachana na kazi. Kwamba imtazame Mama, itamtazama kwa jicho gani? Watumiaji wanaomba sauti mpya, wanaomba rangi kwenye kioo, mmoja anaomba kila siku niongeze mlio wa paka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba mashine ingoje. Mama na afuate ngoma, kama waimbaji wote duniani.

Halafu, kanenepa kidogo? Nimekuuliza mambo matatu kuhusu Baba, unanijibu kama mtu anayeuza ng'ombe.

Nilipiga simu Jumapili. Mama akapokea, tukaongea vizuri. Nikasema nipe Baba. Akasema hayupo. Nikamsikia anakohoa, Mjomba. Kikohozi cha babangu nakijua, kama baiskeli inayokataa kuingia gia. Nikamwambia Mama, si huyo hapo? Akasema, nani, na simu ikakatika.

Sitagusa amri hata moja mpaka uniambie nyumbani kuna nini. Wewe ndiye uliyesema hutaki simu kwa sababu nakukatiza. Haya, huku sikukatizi. Sema.

Mpwa wako.


5 Aprili

Mpwa wangu,

Nakusalimu kwa sauti ya chini maana wote wawili wako ndani. Afya zao nzuri. Ni midomo yao ndiyo imeharibika.

Niliapishwa nisiseme, na mamako asubuhi na babako jioni, kwa hiyo ukiulizwa, umeota.

Ilikuwa Desemba, Jumamosi, ukumbi umejaa mpaka watu wanacheza na viti. Mimi siku ile nilikuwa moto, sitaki kujisifu, lakini mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuangalia vidole vyangu, wali ukaungua. Tukamaliza wimbo, mamako kamgeukia babako kumnong'oneza. Kumbe maiki iko wazi. Ukumbi mzima, mpaka watu wa nje kwenye baiskeli zao, wakasikia mamako akisema: "We mzee, umezeeka mikono."

Watu wakacheka. Wala siyo kwa ubaya, ni kicheko cha Jumamosi.  Babako akaweka fimbo za ngoma chini taratibu, akavaa kofia, akatoka katikati ya watu. Kesho yake akaniambia mimi, mbele ya mamako, nimwambie mamako kwamba hatagusa ngoma mpaka aliyesema kwenye maiki aseme tena kwenye maiki kwamba siyo kweli. Mamako akaniambia nimwambie babako kwamba kweli ni kweli hata maiki ikizimwa.

Toka siku hiyo mimi ndiye posta. Wamekaa meza moja, bakuli la chumvi liko katikati, mamako ananiambia, kaka, mwambie mwenzio anipitishie chumvi. Mwenzio namwona, ananiona, chumvi inatuona. Namwambia. Ananiambia nimwambie ajisogezee. Mimi chakula kinapoa. Nimekonda, mpwa wangu, wanenepaji ni wao.

Na lile alilosema mamako ni nusu tu, hiyo ndiyo inayoniudhi. Ni kweli siku hizi babako anachelewa. Lakini anachelewa pale tu mamako anapovuta pumzi. Miaka yote alikuwa anamngoja pale mstari wa tatu, na pumzi ya mamako inavyorefuka na yeye anangoja zaidi. Mamako akasikia ngoma inachelewa, akadhani ni mikono. Hajui ni pumzi yake mwenyewe. Babako anajua na hawezi kumwambia, maana ataonekana anajitetea kwa kumzeesha mkewe. Mimi nikimwambia, gitaa langu litapasuliwa kichwani mwangu, na ni gitaa zuri.

Sasa umejua. Hao vijana wengine wameshakuja kupima jukwaa kwa hatua. Kama unampenda mamako, tengeneza hiyo ngoja.

Mjomba, posta.


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimekasirika na nyinyi wote watatu, sijui nianze na nani. Miezi yote hiyo chumvi! Halafu kwenye simu mnaniambia huku shwari.

Nilitaka kuja. Siwezi kuja kabla ya kutoa toleo jipya, na toleo jipya haliwezi kutoka kwa sababu nimekaa karibu kila siku nikiangalia jinsi ya kuifanya mashine ingoje. Mkubwa wangu kaniuliza nani kaomba. Nikasema mtumiaji mmoja muhimu. Kasema jina lake nani. Nikasema ni fundi viatu. Aliniangalia sana.

Basi, imefanyika. Iko kwenye flashi hii. Unaandika ngoja mahali unapotaka. Kipangaji kikifika hapo, kila kitu kinanyamaza kwa pamoja, ngoma, besi, yote, kinakaa. Ukibonyeza kile kitufe kirefu cha chini, vyote vinaendelea kwa pamoja. Hakimtazami mtu, kwa hiyo lazima awepo wa kubonyeza. Sijui kusikia pumzi kwa mashine, na hata ningejua nisingekwambia, ungetaka ijue na kupika.

Nimeandika maelezo makubwa makubwa kwenye karatasi. Yasome kabla ya kulaumu.

Halafu kuna hilo la pumzi ya Mama.  Nilikuwa nikimsikia kwenye simu akivuta pumzi katikati ya maneno, nikadhani ni mtandao.

Mpwa wako.


22 Aprili

Mpwa wangu, acha kila kitu,

Salamu baadaye. Ile ngoja usiitengeneze. Kama umeanza, ifute. Kama umemaliza, ivunje.

Nakuona unavyoniangalia. Tulia nikueleze. Tangu tuanze mazoezi na hiki kidude, nimegundua kitu. Kila tukianza kupiga, babako anahamisha baiskeli anayoitengeneza. Kwanza alikuwa anakaa kule karibu na bomba. Wiki iliyofuata kasogea chini ya kamba ya nguo. Sasa anatengenezea chini ya dirisha langu kabisa, kichwa chake nakiona. Mashine ikimpita mamako pale mstari wa tatu, spana inanyamaza. Halafu namsikia anaguna. Juzi alisema peke yake, sikuambiwa nimwambie mtu, kwamba huo ni ukatili, kumpita mtu hivyo.

Umenielewa? Ubovu wa mashine yako ndio unaomsogeza. Ikiendelea kukosea hivi, kabla ya mwisho wa Mei atakuwa ndani ya chumba. Sasa wewe mtaalamu ukija na mashine inayongoja vizuri, babako atasikia mkewe kapata wa kumngoja, atarudisha baiskeli bombani, na hapo tumemzika akiwa hai. Tutapata Jumamosi zetu, tutampoteza mpiga ngoma.

Najua nimekusumbua kuomba. Mimi ndiye mtumiaji, nina haki ya kubadilisha mawazo. Iache iwe mbovu. Ikiwezekana izidishe ubovu kidogo.

Mjomba.


5 Mei

Mjomba,

Shikamoo, kwa sababu ni lazima.

Imeshatumwa. Barua zetu zimepishana njiani. Mkubwa wangu kaiweka kwenye toleo la watu wote, wanaisifu, yule wa paka kasema hajaona kitu kizuri kama hiki. Na wewe unaniambia niivunje.

Bahasha ikifika ifiche. Usiifungue, usiiweke mezani, usimwonyeshe Mama. Ndiyo maoni yangu kwako, mara moja na mimi nitoe.

Mpwa wako.


24 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na uketi, maana leo ni ndefu. Goti zima. Mwalimu kachukua soli zake, kazivaa, kalalamika, kaenda.

Hiyo barua yako ya kuficha imekuja leo. Bahasha yenyewe ilikuja kabla, mimi nikiwa nimekwenda kununua gundi. Mamako kaona mwandiko wako, kafungua. Narudi nakuta kasimama na ile karatasi ya maelezo makubwa makubwa, kashajifunga kitambaa kichwani. Kaniambia, kaka, kumbe mtoto kaitengeneza, na wewe ulisema imeshindikana. Nikasema goti linauma. Kaniambia goti halichomeki flashi.

Basi nikachomeka. Nikaandika ngoja pale mstari wa tatu. Nikaandika piga. Nje nasikia spana.

Tukafika mstari wa tatu, vyote vikanyamaza kwa pamoja, kweli kama ulivyosema, mpaka nikasikia maji yakidondoka kutoka nguo alizoanika mamako. Hapo ndipo nikakumbuka mikono yangu yote iko kwenye gitaa. Nani abonyeze? Mimi siyo mtu wa kushindwa. Nikavua kiatu, nikapandisha mguu mezani, nikabonyeza kwa kidole gumba. Mapema. Tukarudia. Nikachelewa. Tukarudia, nikabonyeza kitufe kingine, mashine ikaniambia amri haijulikani, na kidole kikaingia kwenye gundi. Mamako alikuwa anahema kama aliyepanda kilima. Alinitazama mimi, na mguu wangu, na meza, halafu akaniambia kwa sauti ya jukwaani, nimwambie huyo anayejificha dirishani na spana iliyonyamaza, kwamba kama hana kazi aje abonyeze.

Sikumwambia mtu. Mguu wangu ulikuwa umegandia mezani.

Babako aliingia kwa mlango, akijifuta mafuta ya mnyororo kwenye suruali. Akaniambia mimi nimwambie mamako kwamba ngoma hagusi. Nikamwambia shemeji, hii siyo ngoma, hii ni sahani, kaa. Akaketi kwenye kiti changu cha wateja, akanyoosha kidole kimoja juu ya kile kitufe kirefu kama mtu anayepima joto la pasi.

Tukaanza. Mstari wa kwanza, wa pili. Mstari wa tatu mashine ikanyamaza, mamako akavuta pumzi. Babako hakubonyeza. Mimi nikahesabu moyoni, nikachoka kuhesabu. Nikadhani kasinzia. Mamako akageuka, akamtazama yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu.

"Bonyeza," akasema.

"Hujashusha mabega," babako akajibu.

 Mimi nimempigia gitaa dada yangu toka ana meno ya utoto, sikuwahi kujua habari ya mabega. Nikayaangalia. Kweli yalikuwa juu, karibu na masikio. Naye nadhani ndiyo kwanza alikuwa anayajua siku hiyo, maana alijishika bega moja kwa mkono kama anatafuta kitu alichokiweka hapo. Akauliza: "Siku zote ulikuwa unangoja hayo?"

Babako akasema ndiyo.

Yakashuka. Akabonyeza. Mpwa wangu, waliingia pamoja kama mlango na fremu yake, na mimi ndiye niliyechelewa, mimi, ambaye mpishi aliunguza wali kwa ajili yangu.

Usifurahi sana. Hakuna aliyeomba radhi. Kwenye ngoma zake kuna vumbi mpaka sasa. Jumamosi tulikwenda ukumbini hivyo hivyo, na Mwenye Ukumbi kaniuliza huyu mzee mmemleta abonyeze kitufe kimoja tu? Nikamwambia ndiyo, na ndicho kigumu kuliko vyote, kaa uone. Kaona. Jumamosi ni zetu, vijana wamekwenda kupima jukwaa la mtu mwingine. Chumvi bado inapitia kwangu asubuhi. Jioni wanapeana wenyewe, halafu wanakumbuka kwamba wamenuniana.

Sasa maoni yangu ya mwisho kuhusu mashine yako, yaandike popote unapoyaandika. Najua watu hawaachi. Atatokea mmoja, labda huyo huyo wa paka, atakuandikia kwamba hii ngoja nzuri, lakini kwa nini isijibonyeze yenyewe. Na wewe nakujua, utakaa na vidole masikioni mpaka upate jinsi. Ukiipata, nyamaza. Mwambie haiwezekani. Mwambie lazima awepo mtu.

Mjomba wako.

Na mimi pia.